Drili, Vizibo vya Thamosi na Mkono wa Kaka Yangu

Jumapili, saa za jioni. Majimbo, Embu. Mvua imenyesha kidogo tu, ya kulaza vumbi, na hewa inanuka udongo.

Nimechoka mpaka magoti yanalalamika, lakini kukaa siwezi. Nimepika chai, ikapoa kabla sijaigusa. Nimeanza kukunja nguo, nikaziacha kitandani. Acha niandike, maana nisipoandika nitatoka nje nianze kuwasimulia watu wa ploti hii mlango kwa mlango.

Kishikio kimekubali!

Kwa wewe unayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni Nkatha, fundi wa simu. Nina kibanda mjini, na kazi yangu ni kubadilisha vioo, kuchomelea waya nyembamba kama nywele, na kuwaeleza watu kwamba simu iliyoanguka chooni haifufuliwi na mchele. Mengi ninayoandika hapa ni manung'uniko. Leo sina hata moja.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Mwenda. Yuko kwetu Kiirua, kwenye baridi, analima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa pamoja na mke wake, Kathure. Lakini ukiuliza pale sokoni Mwenda ni nani, hakuna atakayekwambia ni mkulima. Watakwambia ni yule wa samaki. Chini ya shamba lao unapita mto unaoshuka kutoka Mlima Kenya, na ndani yake kuna trauti, samaki wa maji baridi mwenye madoa, mjanja kuliko wakili. Mwenda amemvua huyo samaki tangu ujana wake. Aliwahi pia kuwaongoza wageni waliokuja kuvua, na mmoja wao, alipozeeka na kuacha, alimwachia fimbo yake ya kuvulia. Ni fimbo nyepesi ajabu, ambayo ukiitikisa inapinda kama unyasi na kujinyoosha tena.

Mwaka jana mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe ilichukua vidole vyake viwili vya mkono wa kulia. Cha shahada na cha kati.

Siku ile sitaiandika hapa.

Kidonda kilipona. Mwenda mwenyewe ndiye hakupona. Mashine ile aliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akarudi kukata majani kwa panga, kwa mkono wa kushoto, polepole, huku ng'ombe wakimlilia. Akawa hataki kusikia kitu chochote kinachozunguka. Jirani akiwasha msumeno wa kupasulia mbao, Mwenda anaingia ndani na kufunga dirisha. Mtoni alijaribu kwenda mara moja tu. Kathure ndiye aliyeniambia. Fimbo ilimponyoka ikaingia majini, akaifuata hadi maji yakamfika kiunoni, akarudi nyumbani amelowa chapa, akaitupa stoo.

Niliikuta humo miezi michache iliyopita, nilipokwenda kuwasalimu na kuingia stoo kutafuta gunia. Panya walikuwa wamekula kishikio chake. Kile kishikio kilikuwa cha lile gome la mti jepesi, laini, linalotengenezewa vizibo vya chupa. Halipitishi maji, halitelezi, na halichomi mkono kwa baridi. Panya waliliona ni mkate. Nilimwomba Kathure ruhusa, nikaifunga fimbo kwenye gunia, nikaja nayo Embu.

Mwenda hakugundua kwamba haipo. Hilo liliniuma kuliko chochote.

Ndipo nikaamua kumtengenezea kishikio kipya, lakini si kama kile cha zamani. Kile kilikuwa cha mkono wenye vidole vitano. Mimi nilitaka cha mkono alio nao sasa.

Mashine ya kukereza mbao sina, na hata ningekuwa nayo ningeiweka wapi kwenye chumba kimoja na baraza? Lakini nilikuwa nimeona kwenye mtandao watu wanaokereza kwa drili ya kawaida, ile ya kutoboa ukuta. Wazo lenyewe ni rahisi mpaka unajicheka kwa kutolifikiria. Unaifunga drili ikalala imara juu ya ubao. Unachukua chuma kirefu chenye nyuzi kama bolti, unakipitisha katikati ya vizibo vilivyogundishwa, unavibana kwa nati huku na huku. Upande mmoja wa chuma unang'atwa na drili, upande wa pili unashikiliwa na beringi iliyopachikwa kwenye kipande cha mbao kilichosimama. Ukiwasha, vizibo vinazunguka, nawe unaleta msasa taratibu, unavila mpaka vipate umbo unalolitaka.

Beringi nilitoa kwenye feni iliyokufa. Drili ninayo. Taabu ilikuwa vizibo.

Vya chupa za mvinyo ni vyembamba mno. Nilihitaji vinene. Na hapo ndipo nikakumbuka thamosi! Si hizi za kisasa zenye kifuniko cha plastiki. Zile za zamani, za maua makubwa ubavuni, ambazo kila mama alitolea wageni chai. Kizibo chake ni gome hilohilo, nene, kipana kuliko kidole gumba mara mbili.

Nikaanza kuuliza. Niliuliza kanisani, nikauliza sokoni, nikawauliza wateja wangu huku nikiwafungulia simu. Watu wana thamosi zilizopasuka kioo miaka mingi, hawazitupi, zimekaa juu ya kabati kama marehemu anayesubiri mazishi. Mmoja aliniletea kizibo kimefungwa kwenye karatasi, akaniambia nisije nikakipoteza, kilikuwa cha mama mkwe wake. Nikamwambia kitakwenda kuvua samaki. Akasema, "Sawa tu. Yeye mwenyewe hakuwahi kutoka hapa Embu."

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Gundi haikuwa imekauka, na mimi sina subira nikiwa na jambo jipya mkononi. Niliwasha drili barazani kwa kasi yake yote, na vizibo vikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Kimoja kiligonga sufuria ya jirani yangu, Mama Wanja, aliyekuwa akiosha vyombo.

"Nkatha! Unatupiga vita?"

"Pole Mama Wanja! Ni gundi!"

"Gundi gani inarusha mawe?"

Akaja kuangalia. Alivuta kiti akakaa, na tangu siku hiyo akawa mtazamaji wangu wa kudumu, ingawa kila mara alilalamika kwamba vumbi linaingia kwenye nguo zake alizoanika.

La pili, tundu halikuwa katikati. Ukitoboa kizibo upande kidogo tu, kikianza kuzunguka kinayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, na msasa unakula upande mmoja na kuuacha mwingine. Nilijilazimisha. Nikaendelea kusugua nikidhani kitanyooka. Kikapasuka.

Siku hiyo nilikasirika nikaapa nimeachana na mambo haya. Kesho yake nilikuwa dukani natafuta gundi bora zaidi.

Kwa la tatu niliamua kufanya kama ninavyofanya simu, pole kwa pole. Nilipima katikati ya kila kizibo. Nilipaka chuma nta ya mshumaa ili gundi isikishike. Nilibana nati, nikaondoka, nikaacha gundi ikauke hadi ikawa jiwe. Nikawasha drili kwa kasi ya chini. Msasa wa makali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi.

Sijui nielezeje furaha ile. Vizibo vile vilianza vikiwa vibaya, vya kahawia iliyokoza kwa chai ya miaka yote hiyo, kila kimoja na umbo lake. Vikizunguka, ukivigusa kwa msasa, uchafu unatoka kama moshi, na chini yake linatokea gome jipya lenye rangi ya asali. Na harufu! Vumbi lile lilinuka chai. Chai ya maziwa, ya tangawizi, ya nyumba za watu nisiowajua. Mama Wanja aliinusa akasema, "Sasa nimesikia njaa." Vijishimo vilivyokuwa kwenye gome nilivijaza kwa vumbi lake lenyewe nililochanganya na gundi, nikasugua tena.

Nilicheka peke yangu pale barazani kama mwendawazimu.

Umbo nalo nililisumbukia. Siku nzima kibandani nilifanya kazi nimejifunga vidole viwili kwa utepe, cha shahada na cha kati, nijue kinachobaki kinafanya nini. Niliangusha skrubu zote duniani. Jioni nilikuwa nimepata wazo langu. Palipo na pengo, kishikio kiwe kinene, kitokeze kama kifundo na kulijaza pengo lile, ili mkono usihisi kwamba kuna kinachokosekana. Nililiona ni wazo la hekima sana. Nikakikereza kishikio hivyo, kikapendeza, nikalala nacho kama mtoto na kiatu cha Krismasi.

Jana Jumamosi nikafunga kibanda mapema, nikabeba kila kitu: fimbo, kishikio ambacho sikuwa nimekibandika bado, na drili pamoja na ubao wake wote, nimeifunga kwenye shuka. Nilisema liwalo na liwe. Huenda kikahitaji kupunguzwa mahali.

Nilimkuta Mwenda nyuma ya nyumba, anakata majani. Alifurahi kuniona. Tukasalimiana, nikapewa muthere ya moto, ile ya mahindi na maharagwe anayoipika Kathure ikaiva mpaka ikasahau kwamba ilikuwa ngumu. Nilikula haraka. Mikono yangu ilikuwa na haraka kuliko tumbo.

Nikaitoa fimbo, nikamwekea mapajani. Nikatoa kishikio, nikamwekea kiganjani.

Akaigusa fimbo.

"Hii si ilikuwa stoo?"

"Ilikuwa."

"Nani alikwambia nataka?"

Kathure akainuka kwenda jikoni ingawa hakukuwa na kitu jikoni.

Nilimwambia hakuna aliyeniambia. Nilimwambia ajaribu tu, asipopenda nitakichoma, kinawaka vizuri. Alikizungusha kwa mkono wa kushoto, akakipitisha kidole gumba juu yake, na nikaona, kabla hajajizuia, kwamba anakipenda. Mtu wa mikono hawezi kuficha anaposhika kitu kilichonyooka.

Kisha akakishika kwa mkono wa kulia. Akakunja uso. Akakiachia.

"Inaniumiza."

"Wapi?"

Akanionyesha. Pale pale pa hekima yangu. Kile kifundo nilichokitokeza kilikuwa kinagusa mahali vidole vilipokatikia, na pale ngozi ni nyembamba, hata shuka ikimgusa vibaya usiku anaamka.

"Umejaza mahali sina kitu," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Hapo mimi sitaki kiguse. Acha nafasi. Nguvu yangu sasa iko huku nyuma." Akagonga kiganja chake karibu na kifundo cha mkono, na vile vidole viwili vya mwisho. "Hivi ndivyo vimebaki kufanya kazi. Hivi ndivyo ungenenepeshea."

Kaka yangu hajawahi kuuzungumzia mkono wake na mimi. Hata siku moja. Na sasa alikuwa akiueleza kama anayeeleza shamba, hapa pana maji, hapa pana mawe.

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba kinaweza kurekebishwa. Nina mashine.

Nilivuta waya wa stima kutoka jikoni hadi barazani, nikaweka ubao juu ya meza, nikafunga kishikio kwenye chuma chake. Nikawasha.

Drili ilipolia, Mwenda alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Akaondoka bila kunitazama, akaenda hadi zizini, nikamwona kwa mbali amesimama kando ya ng'ombe, ameweka paji la uso kwenye ubavu wake.

Nikazima. Nilihisi nimefanya ukatili. Kathure alikuja akainua kile kiti, akakifuta ingawa hakikuwa kichafu.

"Usifungashe," akaniambia. "Hata mimi mwanzoni nilikuwa nazima redio akiingia. Nikaona namzika. Wewe endelea na kazi yako, lakini polepole. Atasikia ni sauti ndogo."

Basi nikaendelea. Niliweka kasi ya chini kabisa, ile ambayo drili haingurumi, inakoroma tu. Nikaanza kula kifundo changu cha hekima. Kilichukua muda. Vumbi la chai likaanza kutoka tena, Kathure akaguna kwa mshangao, tukacheka kidogo. Nilikuwa nimeinamia msasa kiasi kwamba sikumsikia Mwenda akirudi.

"Unakula sana mbele."

Alikuwa nyuma yangu, mbali kidogo, mikono ameikunja kifuani.

"Hapa?"

"Rudi nyuma. Zaidi. Hapo. Hapo punguza mpaka kiwe kama shingo ya chupa."

Nikapunguza. Akasogea hatua moja. Akaniambia nimeacha kona, nikaondoa kona. Akasogea tena. Akaniambia ninabonyeza kwa nguvu kama ninayesugua sufuria, na kwamba gome halitaki hivyo. Nilianza kukasirika, kwa kweli, maana mimi ndiye niliyekuwa nimejifunza kazi hii. Nikamwambia, bila kufikiri:

"Si ushike wewe basi!"

Kathure alikuwa amesimama mlangoni.

Mwenda alikunja mikono ya sweta lake, mmoja, kisha wa pili, juu kabisa hadi kwenye viwiko. Aliangalia ile nati inayozunguka. Akaangalia swichi.

"Inazimwa wapi?"

Nikamwonyesha. Akanifanya niizime na kuiwasha, niizime na kuiwasha, mpaka akaridhika. Kisha akachukua msasa kutoka mkononi mwangu.

Nilitaka kuushika mkono wake, nikajizuia. Alileta msasa karibu, ukagusa, akaurudisha haraka. Akaleta tena. Ukagusa ukakaa. Vumbi likatoka, jembamba, likamwangukia kwenye nywele za mkono. Jasho lilikuwa linamtiririka puani, na Kiirua jioni ile ilikuwa na baridi ya kuvaa koti.

Kisha bega lake likashuka. Niliona likishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Hakunirudishia msasa tena! Alikereza mwenyewe hadi mwisho, akizima, akijaribu mkononi, akiwasha tena. Alikata ile shingo mahali vidole havipo, ikawa mkono hauigusi kabisa. Nyuma akaacha tumbo la duara linalojaa kiganjani. Juu akachimba kwa kidole kilichofungwa msasa kibonde kidogo cha kulaza gumba. Kilipomalizika kilikuwa kitu cha ajabu. Ukikiweka mezani kinaonekana kama mtoto kakifinyanga. Mimi nilikishika nikakiona kibaya, hakinikai. Kwake kiliingia kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

Tukapanua tundu kwa tupa ya mviringo, tukakibandika kwenye fimbo, tukakiacha kikauke.

Leo asubuhi nilitegemea twende kanisani. Niliamka nikamkuta Mwenda ameshakamua ng'ombe, amekaa barazani, anafunga ndoano yenye manyoya kwenye mshipi kwa vidole vitatu na meno. Kathure alisema Mungu naye anajua mtoni ni wapi.

Tulishuka. Mlima ulikuwa wazi, mweupe juu. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata, yanapita kati ya mawe kwa kelele, na Mwenda aliingia na buti zake za shambani bila hata kuangalia anapokanyaga. Mimi na Kathure tulibaki ukingoni.

Alirusha mshipi. Ukaenda nyuma, ukanasa kwenye kichaka.

Nikajiambia, basi, kwisha. Kathure alinikamata mkono.

Mwenda akageuka, akaangalia kile kichaka, akasema kwa sauti ya kufundisha watu, "Trauti mkubwa kabisa wa hapa anaishi kwenye huo mti." Akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Sisi tukacheka, na kelele yetu nadhani iliwafukuza samaki wote hadi Isiolo.

Akaunasua, akarusha tena, na tena. Mara nyingine ulianguka miguuni pake. Mara nyingine ulienda kombo. Lakini fimbo haikumponyoka. Hilo ndilo nililokuwa nikitazama, ule mkono tu. Ulikuwa umekaa. Gumba juu, vidole viwili nyuma, na katikati nafasi, hewa tupu, hakuna kinachogusa.

Kisha mkono ukapata mdundo wake. Sijui ni nini kilibadilika. Fimbo ilienda nyuma, ikasita kidogo, ikaja mbele, na mshipi ukanyooka hewani mrefu, ukatua juu ya maji taratibu.

Kathure alisema, "Ndiye huyo." Hakuongea na mimi.

Samaki alimpata, ndiyo. Mdogo, wa urefu wa kiganja, mwenye madoa mekundu ubavuni. Fimbo ilipopinda nilipiga kelele kama timu yangu imefunga bao. Mwenda alimvuta polepole, akalowesha mkono, akamtoa ndoano, akamwachia arudi. Nilimuuliza kwa nini, tulikuwa na njaa. Akaniambia yule ni mtoto, na tena, akasema, leo hakutaka kuchukua kitu.

Wakati wa kuondoka nilianza kuifunga drili kwenye shuka yangu. Akaja akasimama mbele ya meza.

"Hiyo iache."

"Mwenda, ni yangu. Naitumia."

"Nitakuletea. Iache kwanza."

Nikaiangalia, nikamwangalia. Nikaikunja shuka ikiwa tupu.

Nimefika hapa alasiri, nikamkuta Mama Wanja ananisubiri mlangoni na swali usoni, nikamkumbatia badala ya kumjibu.

Sasa hivi, kabla sijaandika sentensi hii, Kathure amenipigia simu. Aliongea kwa kunong'ona nikaogopa kumetokea jambo. Akasema alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati, akasikia drili inawaka barazani. Hakuna mtu mwingine nyumbani. Alitoka mbio na unga mikononi, akamkuta Mwenda amekaa peke yake mbele ya mashine, amefunga kipande cha mti, anakereza.

"Anatengeneza nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Sitaki kumsumbua." Akashusha sauti zaidi. "Nkatha, anaimba."

Kisha akainyoosha simu kuelekea dirishani ili nisikie. Nikasikia upepo, nikasikia ng'ombe, na chini yake drili yangu inakoroma kwa kasi ya chini, na sauti mbaya ya kaka yangu ambayo haijawahi kushika wimbo wowote hadi mwisho.

Tumeisikiliza sote wawili mpaka salio la Kathure likaisha.

Kesho asubuhi kuna mteja anayetaka nimtobolee rafu ukutani, nilimwahidi, na sina cha kutobolea. Nitamwambia arudi wiki ijayo. Akikasirika na akasirike.